Injini ya Ndege ya Mathenge

Kerugoya
14 Januari 2023

Mzee Vasant,

Salamu zikufikie huko Nyeri, wewe na Mama Rohan. Huku tumemaliza kuvuna mahindi na vumbi limepanda mpaka juu ya majani ya migomba. Mlima unaonekana wote asubuhi, kisha saa nne unajifunika.

Nakuandikia kwa sababu kwenye mazishi ya mume wangu uliniambia kwamba simu za siku hizi hazina adabu, na mwenye neno la maana na aliweke kwenye karatasi. Basi neno ninalo.

Ndege ya Mathenge bado iko bandani. Unaijua kuliko mimi. Mlishinda nayo Jumamosi zote za miaka ile, nyinyi wawili, nami kazi yangu ilikuwa kuleta chai na kurudi na vikombe. Mabawa yamevikwa kitambaa, viti viwili vimekaa bega kwa bega, magurudumu yana upepo. Kinachokosekana ni injini. Pale puani pa ndege pana nafasi tupu, na jua la asubuhi likipenya kwenye nyufa za mbao hukaa hapo, likicheza na vumbi. Mara nyingi nasimama nalitazama mpaka uji unaungua jikoni.

Watu wamenishauri niiuze, wengine niwape watoto wa shule waipande bustanini. Sikuwajibu, kwa sababu kuna jambo sijawaambia. Likizo zote za mwaka jana, nilipoaga kwamba nakwenda kusahihisha mitihani, nilikuwa Nanyuki najifunza urubani. Siku moja mwalimu wangu alifungua mlango, akashuka, akasema, "Zunguka peke yako." Nikazunguka. Chini yangu mashamba ya ngano yalikuwa yakilala na kuinuka kwa upepo kama kifua cha mtu aliye usingizini. Leseni nilipewa mwezi uliopita.

Nataka kuirusha ndege ya mume wangu. Naomba unichagulie injini.

Ni mimi,
Kagure wa Mathenge


Nyeri
2 Februari 2023

Mwalimu Kagure,

Barua yako nilisoma mara mbili, halafu nikampa Jayshree wangu akaisoma kwa sauti huku mimi nikimwangalia. Alicheka, akalia kidogo, akasema, "Huyu mama ni mkali." Niko na miaka mingi ya kutengeneza pampu, jenereta na mashine za kahawa, lakini hakuna mtu amewahi kuniambia kitu kama hicho akiwa ametulia hivyo.

Wacha nikueleze basi. Injini inapumua kama sisi. Huku kwetu juu hewa ni nyembamba, na injini inayojisifu kule Mombasa ikifika uwanja wa ndege wa Nyaribo itakuwa imeacha njiani karibu sehemu moja ya tano ya nguvu yake. Kwa hivyo yenye nguvu za kutosha tu haitoshi.

Kuna aina tatu za kufikiria. Ya kwanza ni ile ndogo ya kuchanganyiwa oili ndani ya petroli, kama ya msumeno wa kukata miti. Ni nyepesi na inapanda haraka. Ubaya wake ni kwamba ikikataa, haikuambii mapema. Inashika tu, inasimama hapohapo. Ya pili ni ya gari la zamani, Volkswagen ile ya mgongo wa kobe. Mathenge aliipenda sana hiyo. Tulibishana juu yake mpaka chai yako ikapoa. Ni ngumu kuua, lakini mlimani inachoka, na wewe unataka watu wawili. Ya tatu ni ile iliyotengenezwa kwa ndege ndogo tangu mwanzo, silinda nne, oili mahali pake, petroli mahali pake. Hiyo inakunywa kidogo na inavumilia. Lakini ni nzito zaidi, na fremu ya Mathenge ilipimwa kwa injini nyepesi. Pua ikizidi uzito, ndege haitainua kichwa vizuri.

Mimi sijui ipi. Tusiharakishe. Mvua ya masika ikipita, tutaongea.

Kwaheri ya leo,
Vasant


Kerugoya
26 Februari 2023

Mzee Vasant,

Nimeiandika barua yako upya kwenye ubao wa bandani, aina zote tatu na ubaya wa kila moja. Watiri binti yangu anapita akisema, "Mami, sasa hata ndege umeiwekea somo."

Lakini masika ni mbali. Nimesikia kwamba Murang'a kuna mtu aitwaye Gikonyo, mkulima wa parachichi, aliyekuwa na chombo cha kuruka cha bawa la kitambaa na sasa mgongo unamuuma. Anauza injini yake. Ni ya aina ya kwanza, ile nyepesi. Najua ulichosema juu yake. Lakini ni wewe pia uliyeniambia fremu ilipimwa kwa uzito huo. Na Mathenge alizoea kuniambia kwamba Vasant akisimama karibu na injini kwa muda wa kumaliza kikombe, anajua plagi gani imechoka na nani aliifunga.

Njoo Murang'a Jumamosi ijayo uisikilize. Ukisema hapana, nitaiacha palepale na sitanung'unika.

Kagure


Kerugoya
2 Aprili 2023

Mzee Vasant,

Nimengoja hasira ipungue kabla ya kushika kalamu. Haijapungua.

Unakumbuka tulivyokuwa pale kwa Gikonyo. Aliiwasha, ikanguruma, kuku wakakimbilia chini ya ghala. Wewe ulisimama hatua chache nyuma yake, mikono mgongoni, ukitazama juu ya miti. Nikakukaribia nikakuuliza, "Waionaje?"

Ukasema, "Rangi yake ni safi."

Nikakuuliza tena, "Na sauti?"

Ukatikisa kichwa, nikadhani ni kukubali. Kisha ukaenda kukaa garini mpaka tulipomaliza kuongea. Hata Gikonyo aliniuliza kama amekukosea.

Nikaichukua. Theuri, fundi wa pikipiki wa hapa mjini, akanisaidia kuifunga. Jumatano tuliifunga ndege kwenye mti wa makadamia kwa kamba ya gari na kuiwasha tuone. Mwanzoni ilikuwa raha, Mzee. Nyasi zote nyuma ya ndege zililala, na kitambaa cha mabawa kikawa kinapumua. Nilifumba macho nikamwona Mathenge kama vile yuko upande wa pili wa bawa. Kisha ikashika, kama ulivyoandika wewe mwenyewe. Propela ilisimama ghafla, ndege ikajipinda kwenye kamba, bomba moja la kushikilia injini likavunjika, na kipande chake kikapita karibu na alipokuwa amesimama Watiri. Hakuumia. Lakini nikiwa nasahihisha insha bado nakiona kikipita.

Theuri alivua kofia akaniambia, "Mama, hii injini ilikuwa inagonga ndani tangu siku ya kwanza. Mimi niliisikia. Nikafikiri mzee pia alisikia akaona si kitu."

Basi niambie. Ulisikia ukanyamaza kwa nini? Nimewaza jibu moja tu. Hutaki ndege hii iruke. Unataka ibaki bandani kama kaburi la rafiki yako, uje mara moja kwa mwaka kuitazama. Ungeniambia hivyo wazi, ningekuheshimu zaidi.

Kagure


Nyeri
11 Aprili 2023

Mwalimu,

Nimesoma. Nashukuru Mungu kwa ajili ya msichana.

Sina la kujitetea. Tafuta fundi mwingine.

Vasant


Nyeri
20 Aprili 2023

Dada Kagure,

Utashangaa kuona mwandiko huu. Ni mimi Jayshree. Mzee hajui kwamba nakuandikia, na nimempa barua hii msichana wa dukani aipeleke posta.

Tangu barua yako ije hali chakula vizuri. Anashinda dukani akipanga nati kwa ukubwa, halafu anazimwaga na kuzipanga tena. Jana nilimkuta amekaa karibu na jenereta ya jirani, inawaka, na yeye ameinamisha kichwa kama mtu kanisani. Aliponiona machozi yakamtoka.

Dada, mzee wangu hasikii. Si kwamba hasikii kabisa. Nikiwa mbele yake nikiongea polepole anaelewa, kwa sababu anasoma midomo, na amekuwa mjanja sana kwa hilo. Lakini simu haiwezi, ndiyo maana anaitukana. Na injini ndiyo mbaya zaidi. Kwake sasa ni mngurumo mmoja tu, nzuri na mbovu ni sawa. Daktari alimpa kifaa cha sikioni, akakiweka kwenye droo ya vijiko. Anasema kinamletea kelele ya mabati.

Kule Murang'a hakunyamaza kwa ubaya. Hakukuwa na kitu cha kusema. Alikwenda akitumaini kwamba injini ya ndege ya Mathenge angeisikia, hata kama hasikii nyingine. Alirudi nyumbani akalala na viatu.

Rohan wetu akipiga simu kutoka ng'ambo, ni mimi naongea, na yeye anakaa pembeni akitabasamu mahali ambapo si pa kutabasamu. Hataki mtu ajue. Tafadhali usimwambie kwamba nimekuambia. Lakini pia usimwache hivi.

Wako,
Jayshree


Kerugoya
3 Juni 2023

Mzee Vasant,

Nilikuandikia maneno makali. Nayaondoa yote, na sitaki tuyajadili. Mvua imeisha, barabara ya kwenda bandani imekauka, na mimi nimetafuta fundi mwingine kama ulivyoniagiza. Nimempata. Anaitwa Vasant, anakaa Nyeri, barabara ya kuelekea soko.

Kuna injini nyingine. Pale Nanyuki kuna ndege iliyopigwa na mvua ya mawe mpaka mabawa yakawa kama chujio, lakini injini yake haikuguswa. Ni ile aina ya tatu, ya silinda nne. Wamekubali niilete huku kwa majaribio. Theuri ameimarisha mabomba ya mbele, na injini imekaa, haijafungwa kabisa. Ni nzito, naona. Nikishika mkia wa ndege naweza kuuinua kwa mkono mmoja, na zamani sikuweza.

Theuri ataisikiliza. Ana masikio ya ujana. Kwako nataka kitu kingine. Mathenge aliniambia kwamba ukichunguza pampu ya maji huigusi kama fundi, bali kama mtu anayepima homa ya mtoto. Njoo na mikono yako. Kukaa kimya ruhusa.

Mwambie Mama Rohan nitawapikia mukimo wa viazi na mahindi, na kwamba hautakuwa na nyama.

Kagure


Nyeri
12 Juni 2023

Mwalimu Kagure,

Jayshree amekuandikia. Usikatae, na usimkasirikie kwa ajili yangu. Nilimwuliza, akasema hapana huku akiangalia sufuria. Mimi ndiye nimezoea kusoma midomo ya watu. Ya kwake nimeisoma tangu nikiwa kijana.

Sasa kwa vile unajua, wacha nikuambie jinsi ilivyo, kwa sababu hakuna mtu nimemwambia. Haikuja kama mlango kufungwa. Kwanza walipotea wale ndege wadogo wa asubuhi kwenye ua. Nikafikiri wamehama. Baadaye mvua juu ya bati. Nilikuwa naamka nakuta nje kumelowa, nashangaa, kama mtu aliyepitwa na mgeni. Halafu maji ya Chania. Siku moja nilisimama pale darajani naona mto unakimbia chini yangu, mweupe juu ya mawe, na hautoi hata neno. Nilikaa hapo muda mrefu. Si kwamba nilihuzunika. Ilikuwa nzuri, kama kuangalia mto wa ndotoni. Lakini nilipogeuka kurudi dukani ndipo nikaogopa, kwa sababu dukani ni mahali pa masikio.

Sijui kama mikono yangu inajua kitu. Zamani masikio yalikuwa yanaiambia cha kutafuta. Lakini umesema kukaa kimya ruhusa, na hiyo kazi naiweza.

Tutakuja Jumamosi, mimi na Jayshree.

Vasant


Kerugoya
1 Julai 2023

Mama Rohan, dada yangu,

Naandika kwako kwa sababu ukiwa jikoni na Watiri hukuona kilichotokea bandani, na najua mzee alikuambia tu kwamba "ilikuwa sawa."

Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka chini, unakumbuka, wa baridi ile ya Juni. Kutoka bandani hatukuuona hata mti wa makadamia, na ndege ilionekana imekaa ndani ya wingu tayari. Theuri aliwasha. Mzee akapanda, akakaa kwenye kiti cha kulia, akaweka kiganja kwenye bomba linalobeba injini, akafumba macho. Theuri akaongeza moto kidogo kidogo, akanipungia mkono kwamba sauti ni safi. Nami niliisikia, safi kama cherehani.

Mzee akainua kidole. Theuri akashikilia hapohapo. Mzee akahamisha kiganja upande wa chini, kushoto, akakaa. Uso wake ulibadilika, dada. Sijui niuelezeje. Kama mtu aliyeitwa jina na sauti aliyoizoea.

Akasema, "Zima."

Kisha akamwambia Theuri, "Hapa chini kuna mpira wa kukalia injini umekufa. Injini ni nzima. Lakini ikifika mwendo huu, huu mguu mmoja unatetemeka peke yake. Kwa muda utakata bomba."

Theuri akasema, "Mzee, mimi sijasikia kitu."

"Hakuna kitu cha kusikia," mzee akajibu, na akacheka mpaka akashika mlango.

Wakafungua, na kweli mpira ulikuwa umepasuka ndani. Mchana huo wakahamishia betri nyuma ya viti ili pua isizidi uzito. Nilipojaribu kuuinua mkia tena, haukuinuka, nikauacha.

Nilimwuliza mbele ya wote, nikimtazama usoni ili aone midomo, "Basi umenichagulia ipi?"

Akasema, "Hii. Mathenge angenuna wiki nzima, halafu angekubali."

Wakaguzi wa serikali watakuja mwezi huu. Wakiridhika, tutaibeba kwa lori mpaka Nyaribo. Kiti cha abiria wa kwanza ni cha mzee wako, ukinikubalia. Najua ninachokuomba. Ukisema hapana nitaelewa.

Dada yako,
Kagure


Nyeri
10 Julai 2023

Dada Kagure,

Nimeuliza moyo wangu siku kadhaa. Jana mzee alikata nywele bila kuambiwa, akauliza kama koti lake la kahawia bado linamtosha.

Mchukue. Umrudishe.

Jayshree


Nyeri
28 Agosti 2023

Mwalimu Kagure,

Jana ulinileta mpaka mlangoni, ukanywa chai, ukaondoka, na mimi sikusema kitu cha maana. Maneno yamekuja leo asubuhi.

Nilikuona ukiizungusha ndege peke yako kwanza, mara nyingi, mimi nikiwa kando ya uwanja na Jayshree amenishika mkono kwa nguvu mpaka pete ikaniumiza. Wakati ulipoacha ardhi sikusikia chochote. Niliona nyasi kati ya gurudumu na kivuli chake, halafu nyasi nyingi zaidi. Jayshree alikuwa anasema kitu kwa Kigujarati, na nilijua ni sala kwa sababu midomo yake haikusimama.

Halafu zamu yangu. Wacha nikuambie jinsi ilivyo kuruka ukiwa kama mimi. Ninyi mko na sauti, kwa hivyo mnajua mko ndani ya mashine. Mimi mngurumo ule mmoja niliusahau, nikawa tu nimekaa juu ya kiti, na Nyeri yote ikawa inateremka polepole, mabati, minara ya makanisa, miti ya kahawa kwa mistari. Karatina ikapita chini ya kiatu changu. Mlima ulitoka kwenye mawingu mara moja tu, jiwe na theluji kidogo, ukarudi. Halafu tukafika Mwea. Nimeuza pampu huko Wang'uru maisha yangu yote, na sikuwa najua kwamba wakati wa kupanda mpunga, mashamba yakiwa na maji, mbingu iko chini pia. Vipande vipande, kila mtu na chake. Kulikuwa na kina mama wameinama kwenye maji wakipanda, na mawingu yanapita katikati ya miguu yao, na kivuli chetu kidogo kikipita juu ya mawingu.

Hapo ndipo ulipunguza moto ili tushuke kidogo tuone vizuri. Ulikuwa unaonyesha kitu kwa kidole. Na mimi mgongoni mwangu nikahisi injini inaanza kusinzia. Si kugonga, si kutikisika. Ilikuwa inapungua tu, pole sana, kama mtu anayesikiliza hadithi na kichwa kinaanza kushuka. Nikaweka mkono kwenye bomba nikaipata hapo pia. Unyevu wa yale mashamba, na baridi, na moto mdogo. Kabureta, pale petroli inapokutana na hewa, ilikuwa inashika barafu ndani.

Nilikugusa mkono. Ulifikiri nataka kuonyeshwa kitu, ukatabasamu. Nikasema, "Kabureta. Pasha kabureta." Ukaangalia saa za vipimo vya injini, ukavuta kile kitufe cha kuipasha. Ikakohoa, kitambaa kikatetemeka, na mimi nikaona kina mama wale wote wameinua vichwa. Halafu ikaamka tena. Ikaja chini ya kiganja changu nzima, moja, yenye nguvu. Ukapandisha ndege bila kuniangalia, na sikukuangalia pia, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa na machozi yake.

Yule mkaguzi wa serikali alituuliza mwezi uliopita kwa nini hatukuchagua injini nyepesi. Ile ingeshika, Mwalimu. Hii ilitungoja. Nimefurahi kwamba tuliichagua.

Jayshree sijamwambia yote. Nimemwambia ilikuwa sawa. Wewe ukitaka umwambie, mwambie mwenyewe, mnaandikiana sana siku hizi.

Kuna jambo moja la mwisho. Tulipotua ulinisaidia kushuka, ukaniuliza kitu, lakini jua lilikuwa nyuma yako na midomo yako sikuiona. Nikajibu ndiyo, kwa sababu ndiyo huwa inafaa mara nyingi. Jayshree ananiambia uliniuliza kama nimechoka, nipumzike nyumbani Jumamosi ijayo.

Jibu langu ni hapana.

Vasant